Nani aliamua nini kitupwe? Historia ya kubana picha

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya kila siku bila kulifikiria: kutuma picha. Ukipiga picha kwa simu ukamtumia shangazi yako kijijini, picha anayoipata si ile uliyoipiga. Imepunguzwa vipimo, imebanwa, na sehemu kubwa ya yaliyokuwamo imetupwa. Nikisema imetupwa nina maana imetupwa kabisa, hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa.

Si kosa la mtu. Bila kutupa, kurasa zenye picha zisingewezekana kwa laini tulizokuwa nazo. Lakini kuna mtu, au kamati, au seva, iliyoamua kitupwe kipi na kibaki kipi, na kisa cha uamuzi huo ni kitamu kuliko watu wanavyodhani. Pia kinatugusa sisi wenyewe, kama mtakavyoona huko mbele nikifika kwenye vijitabu vya mazishi.

Tuanze na hesabu

Picha ya dijitali ni jedwali la nukta zinazoitwa pikseli. Kila pikseli ina namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, na kila namba inachukua baiti moja. Basi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera ya megapikseli 3 ilikuwa kitu cha kuringia. Ilitoa picha ya pikseli 2048 kwa 1536. Zidisha upate pikseli 3,145,728, kisha zidisha kwa 3 upate baiti 9,437,184. Picha moja, megabaiti 9! Kadi ya megabaiti 16 ingebeba picha moja tu na nafasi ibaki ya kukuudhi.

Sasa chukua picha hiyo uipitishe kwenye modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde, ukidhani laini ni safi na haikatiki (na wewe na mimi tunajua ilivyokuwa). Utangoja zaidi ya dakika 37. Kamera yenyewe ilikuwa ikibana picha kabla ya kuiweka kwenye kadi, tuseme ikawa megabaiti 1.5. Hiyo ni zaidi ya dakika 6. Ukiipunguza hadi pikseli 800 kwa 600 na kuibana vizuri, ukitumia biti moja na nusu kwa kila pikseli, utabaki na baiti 90,000. Hizo zinapita kwa sekunde 21 au 22.

Kutoka dakika 37 hadi sekunde 22. Angalia kwamba hapo tumefanya mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kupunguza vipimo: ukikata upana na urefu kwa nusu, pikseli zinazobaki ni robo, si nusu. La pili ni kubana: pikseli ni zile zile kwa idadi lakini kila moja inaelezwa kwa biti chache. La kwanza ni hesabu ya shule ya msingi. La pili ndilo lenye historia.

Wazo lililoonekana rahisi mno

Mwaka 1972 mhandisi mmoja aitwaye Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore huko India, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas nchini Marekani. Alikuwa na wazo la kuieleza picha kwa kutumia mawimbi ya kosaini, yale yale ya trigonometria tuliyoyakimbia kidato cha tatu. Akaomba pesa za utafiti kutoka shirika la taifa la sayansi la Marekani, NSF. Akanyimwa. Kama alivyoeleza baadaye, mmoja wa waliolipitia ombi lake aliona wazo lenyewe ni rahisi mno.

Ahmed hakuliacha. Akishirikiana na T. Natarajan na K. R. Rao, alichapisha makala mwezi Januari 1974 katika jarida la IEEE Transactions on Computers. Makala yenyewe ni ya kurasa 4. Nimewahi kusoma maelekezo ya kuunganisha kabati la vitabu yaliyokuwa marefu kuliko hayo. Lakini kurasa hizo 4 ndizo zilizo ndani ya JPEG, na jamaa zake wa karibu wako ndani ya karibu kila video unayoitazama kwenye simu.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Picha inakatwakatwa kuwa vigae vidogo vya pikseli 8 kwa 8, kama sakafu ya choo. Kila kigae kina namba 64. Badala ya kuzitaja namba hizo moja moja, hesabu ya Ahmed inakigeuza kigae kuwa mapishi yenye viungo 64. Kiungo cha kwanza ni wastani wa mwanga wa kigae chote. Vinavyofuata vinaeleza mabadiliko ya polepole, kwa mfano upande wa kushoto una giza kidogo kuliko wa kulia. Vya mwisho vinaeleza mabadiliko ya haraka haraka: nywele, nyasi, uzi wa nguo.

Mpaka hapo hakuna kilichotupwa. Ulikuwa na namba 64, na bado unazo 64. Faida ni kwamba sasa namba zimejipanga kwa umuhimu. Fikiria pilau. Mchele ukikosekana kila mtu atajua, na chumvi vilevile. Lakini ukipunguza karafuu kidogo, wageni watakula na kushukuru. Picha za kawaida ziko hivyo: sehemu kubwa ya kigae inaelezwa na viungo vichache vya mwanzo, na vile vya mwisho ni vidogo vidogo. Kwa hiyo unavigawanya kwa namba kubwa na kuviviringisha, vingi vinakuwa sifuri, na sifuri nyingi zikifuatana hazihitaji nafasi. Hapo, kwenye kugawanya na kuviringisha, ndipo panapotupwa vitu. Ile namba ya ubora unayoiona kwenye programu za picha, kutoka 0 hadi 100, inaamua mgawanyo uwe mkali kiasi gani. Si asilimia ya chochote, ingawa watu wengi huidhania hivyo.

Jicho nalo lina mchango wake. Sisi binadamu tunaona tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi. Kwa hiyo kabla ya kukata vigae, JPEG kwa kawaida huitenganisha picha kuwa sehemu moja ya mwanga na mbili za rangi, na zile za rangi mara nyingi hupunguzwa vipimo. Runinga za rangi zilikuwa zikitumia ujanja huo huo kabla ya kompyuta kuingia nyumbani. Ukitaka kuuona ujanja ukishindwa, bana picha ya maandishi mekundu juu ya ukuta wa buluu. Kingo za herufi zitakuwa kama zimeloa maji.

Mwisho, namba zilizobaki zinaandikwa kwa njia ya David Huffman, ambapo namba inayotokea mara nyingi inapewa alama fupi na ya nadra inapewa alama ndefu. Huffman alikuwa mwanafunzi pale MIT. Mwalimu wake, Robert Fano, aliwapa wanafunzi hiari ya kufanya mtihani au kuandika karatasi, na Huffman akachagua karatasi. Ikachapishwa mwaka 1952. Wanafunzi mnaonisoma, mwonyesheni mwalimu wenu, ila msiseme nimewatuma mimi.

Kamati, na zawadi ya msimbo

Hesabu nzuri peke yake haitoshi. Kama kila kampuni inabana picha kwa njia yake, picha yangu haitafunguka kwako. Mwaka 1986 mashirika ya kimataifa ya viwango na ya simu, ISO na CCITT, yaliunda kamati ya pamoja ya wataalamu wa picha. Herufi za jina lake la Kiingereza ndizo JPEG.

Wavuti haikuwapo bado. Wanakamati walikuwa wakifikiria mifumo iliyoonyesha kurasa za taarifa kupitia laini za simu, kama Minitel ya Ufaransa na Prestel ya Uingereza, na walikuwa wakitazamia laini mpya za kilobiti 64 kwa sekunde. Picha ya kiasi cha skrini ya runinga ya Ulaya, pikseli 720 kwa 576, ingechukua zaidi ya dakika mbili na nusu kwenye laini hiyo bila kubanwa. Ikibanwa hadi biti moja kwa pikseli inapita kwa sekunde 6 na nusu. Kwa hiyo tukisema JPEG ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye laini nyembamba, hatutii chumvi. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Mwezi Juni 1987 walikuwa na mapendekezo 12. Picha zilizobanwa ziliwekwa mbele ya watu wasioambiwa ipi imetoka kwa nani, wakazipa alama kwa macho tu, na yakabaki mapendekezo 3. Januari 1988, kule Copenhagen, pendekezo lililojengwa juu ya hesabu ya Ahmed likashinda kwa ubora wa picha. Mimi hupenda kwamba hukumu ilitolewa na macho na si na fomula. Uamuzi wa nini kitupwe ulifanywa na watu waliokaa mbele ya skrini, wakatazama, wakasema hii ni nzuri, ile mbaya.

Kiwango chenyewe kilipitishwa mwaka 1992. Lakini kiwango ni karatasi. Kilichokieneza ni kikundi cha watu kilichojiita Independent JPEG Group, kikiongozwa na Tom Lane. Oktoba 1991, kabla hata karatasi haijapitishwa, walitoa msimbo wa kubana na kufungua JPEG, bure, yeyote autumie atakavyo, hata ndani ya programu ya kuuza. Yaani mtu aliyetaka kuweka JPEG kwenye programu yake hakuhitaji kuielewa trigonometria. Alichukua tu msimbo wa Lane. (Wale mnaotumia hifadhidata ya PostgreSQL mnalijua jina hilo. Ndiye huyo huyo.) Kulikuwa na tundu moja: kiwango hakikueleza faili ipangweje kwenye diski. Eric Hamilton wa kampuni ya C-Cube akaandika maelezo mafupi ya mpangilio, JFIF, na toleo lililoshika likatoka Septemba 1992.

Vita vya GIF, na bili ya JPEG

Kivinjari cha Mosaic kilipotoka mwaka 1993 kiliweza kuonyesha picha katikati ya maandishi, lakini picha hizo zilikuwa za GIF, aina ya faili ya kampuni ya CompuServe ya mwaka 1987. JPEG ilikuwa inafunguliwa kwenye programu ya pembeni. Ni Netscape, mwishoni mwa 1994, iliyoiweka JPEG ndani ya ukurasa.

GIF haitupi chochote katika kubana, lakini inakubali rangi 256 tu. Nembo na michoro inapendeza. Uso wa mtu unakuwa kama umechorwa kwa chaki. Hata hivyo kilichowakasirisha watengenezaji wa programu ni karatasi ya kisheria. Desemba 1994 ilitangazwa kwamba wanaotengeneza programu za GIF watalipa, kwa sababu njia ya kubana iliyomo ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys. Watu walichemka. Kundi lililokusanyika mtandaoni, Thomas Boutell akiwa mmoja wa walioanzisha, likabuni PNG, na maelezo yake yakakamilika Oktoba 1996.

Boutell huyo huyo ndiye mwandishi wa GD, maktaba ya msimbo ambayo wengi tuliitumia ndani ya PHP kutengeneza picha ndogo za tovuti. Mwaka 1999 GD iliondoa uwezo wa kuandika GIF kwa sababu ya hataza, na uwezo huo ukarudi 2004, hataza ya Marekani ilipokuwa imekwisha muda mwaka 2003. Kwa hiyo mtengeneza tovuti wa Nairobi aliyekuwa akisoma makosa kwenye skrini usiku wa manane alikuwa akilipa, kwa usingizi wake, bili ya mzozo wa Wamarekani.

JPEG nayo haikupona. Mwaka 2002 kampuni ya Forgent Networks ilidai kwamba hataza iliyoombwa mwaka 1986 na kampuni iliyoinunua zamani inaihusu JPEG. Ikakusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa makampuni, miaka 10 baada ya dunia nzima kuikubali JPEG. Baadaye ofisi ya hataza ya Marekani ilipolitazama tena jambo hilo, kwa ombi la shirika moja la umma, ilikataa sehemu zilizokuwa zikitumiwa. Novemba 2006 Forgent ikamaliza kesi zilizobaki kwa dola milioni 8. Nikisikia mtu akishangaa kwa nini watu wa programu huria wanazungumza juu ya hataza kana kwamba ni ugonjwa, humpa mfano huu.

Kwetu

Hadi mwaka 2009 Kenya haikuwa na kebo ya chini ya bahari ya kuiunganisha na intaneti ya dunia. Tulipitia setilaiti zilizo kilomita kama 36,000 juu yetu. Ombi lako lilipanda, likashuka, jibu likapanda, likashuka, na hata mwanga wenyewe unahitaji karibu nusu sekunde kwa safari hiyo. Saiba zilitoza kwa dakika. Mteja aliyekaa akitazama picha ikishuka mstari kwa mstari alikuwa anatazama shilingi zake zikiondoka.

Hali hiyo ilitulazimisha kuwa mafundi. Wakati huo kazi yangu ilikuwa kutengeneza tovuti ndogo ndogo, na sheria yangu ilikuwa ukurasa mzima, pamoja na picha, usizidi kilobaiti 60. Nilizipitisha picha moja moja. Naipunguza vipimo, naibana kwa ubora 60, naitazama, naongeza hadi 70 kama uso una mabaka, natazama tena. Kwa folda nzima nilitumia ImageMagick, programu iliyoanzwa na John Cristy mwaka 1987 alipokuwa DuPont na kutolewa bure 1990. Kwenye Windows watu wengi walipenda IrfanView. Tulijifunza pia mambo ambayo vitabu vya Marekani havikuyataja. Huko ilikuwa desturi kuikata picha moja vipande vipande ili ionekane inashuka haraka. Kwetu ilikuwa balaa, kwa sababu kila kipande kilikuwa ombi jipya linalopanda setilaiti. Faili moja ya kilobaiti 30 ilishinda vipande 10 vya kilobaiti 3.

Kilichofaa kweli ni JPEG ya hatua kwa hatua. Kiwango kinaruhusu kutuma kwanza vile viungo vya mwanzo vya vigae vyote, halafu vinavyofuata. Mtu anaona picha nzima ikiwa na ukungu, kisha ukungu unaondoka. Akiona si anachokitafuta, anabonyeza na kwenda zake kabla hajamaliza dakika.

Halafu, mwezi Januari 2006, Opera Mini ikatolewa duniani kote. Ilipendwa sana Kenya na ilistahili. Simu yako ndogo haikupakua ukurasa wenyewe. Iliiomba seva ya Opera, nayo ikaupakua, ikazipunguza na kuzibana picha, ikakutumia kifurushi chepesi. Ungeweza kuchagua picha ziwe za ubora wa juu, wa chini, au zisije kabisa. Mtu mwenye simu ya bei nafuu na salio la shilingi chache aliingia mtandaoni, na mimi sitaki kulidharau hilo hata kidogo.

Ila hapo uamuzi ulihama. Picha niliyoitazama mara tatu na kuichagulia ubora ilibanwa upya na mashine ya mbali isiyojua kama ni uso wa mtu au mapambo ya pembeni. Julai 2009 SEACOM ikawashwa, TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa ikaingia kazini mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Laini zikanenepa. Uamuzi haukurudi kwetu. Ulibaki kwenye seva, na watu wengi hawakujua kwamba kuna uamuzi.

Kinachobaki

Miaka ya mwanzo ya Facebook, picha uliyoipakia ilihifadhiwa ikiwa na upana wa pikseli 604. Mwaka 2010 ikapanda hadi 720, na baadaye mwaka huo huo hadi 2048. Wengi tuliifanya albamu yetu. Harusi, mahafali, nyanya akiwa bado ana nguvu za kutembea shambani. Kamera ilikuwa ya kuazima, kadi ilifutwa ili itumike tena, kompyuta ilikufa, na kilichobaki ni pikseli 604.

Muulize mtu yeyote anayepanga vijitabu vya mazishi. Familia inamletea picha ya marehemu kwenye simu na kumwambia iweke jaladani, kubwa. Uchapishaji mzuri unataka nukta kama 300 kwa inchi. Pikseli 604 zinatosha inchi 2, yaani sentimita 5. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Fundi anaivuta, na vile vigae vya 8 kwa 8 vinajitokeza mashavuni mwa mzee wa watu kama sakafu. Rafiki yangu mmoja mwenye duka la uchapishaji huko Nakuru ameacha kueleza. Huweka picha ndogo katikati, anaizungushia fremu ya maua, na familia humshukuru kwa ubunifu.

Picha iliyosambazwa kwenye WhatsApp ina shida mbili zaidi. Kila programu inapoifungua na kuihifadhi tena, kugawanya na kuviringisha hufanyika upya, na mabaka huongezeka. Pia ile taarifa ya tarehe na kamera, Exif, ambayo kamera huandika ndani ya faili tangu miaka ya 1990, huondolewa. Kuiondoa kuna faida, kwani mara nyingine inabeba mahali nyumba yako ilipo. Lakini miaka 20 baadaye hakuna atakayejua kama ile picha ya mjomba ilipigwa 2011 au 2016, na wenye kujua watakuwa wameondoka. Agosti 2023 WhatsApp iliongeza chaguo la ubora wa juu. Ni bora kuliko awali, lakini bado si faili halisi. Ukitaka picha ifike ilivyo, ambatisha kama hati, si kama picha.

Warithi wa JPEG nitawapitia haraka maana historia yao bado mbichi. JPEG 2000 ilikuwa nzuri kwa hesabu na vivinjari vingi havikuitaka. WebP ya Google ilitangazwa 2010. Apple ilianza kuhifadhi picha za iPhone kwa HEIC mwaka 2017, na kuwapa kazi mafundi wote wa simu wanaoulizwa kwa nini picha haifunguki kwenye kompyuta ya ofisi. AVIF ikaja 2019. JPEG XL ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu moja: inaweza kuichukua JPEG ya zamani, kuifunga upya ikapungua kwa karibu asilimia 20, na ukitaka inakurudishia faili ile ile ya awali, baiti kwa baiti. Haitupi kitu kingine juu ya kilichokwisha kutupwa. Google iliiondoa kwenye Chrome mwanzoni mwa 2023, na Apple ikaiweka kwenye Safari mwaka huo huo, Septemba. Malumbano yake yanahitaji makala nyingine.

Kwa sasa mimi huweka faili halisi za kamera kwenye diski mbili, moja ikiwa kwa dada yangu, na nakala za kutuma naziweka kwenye folda tofauti kabisa. Diski ya terabaiti moja hubeba picha laki mbili za megabaiti 5 bila kubana kitu. Kama una nyaraka za zamani za familia kwenye simu za watu, anza na simu iliyopiga picha, si iliyoipokea. Mara nyingi imo kabatini, betri imevimba, na kadi ndogo bado iko ndani.